Nyota ya 2036: Mhariri tupe kona ya anga tuanze kuandika sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo najua wengi watashangaa kulikuta ukurasa huu, maana barua zetu nyingi ni za barabara, mitaro na nauli za daladala, na sipingi hata kidogo, hayo ndio maisha yetu. Ila kuna kitu kinakuja na tusipojipanga kitatupita tena. Kuna nyota inaitwa Epsilon Aurigae, inaonekana kwa macho matupu kutoka hapa hapa Dar es Salaam, na kuelekea mwisho wa mwaka 2036 itaanza kufifia pole pole mpaka ibaki na karibu nusu ya mwanga wake, itakaa hivyo zaidi ya mwaka mzima alafu itarudi ilivyokuwa. Jumla ni kama miaka miwili hivi. Na hakuna anayebahatisha hapo, nyota hii inafanya hivyo kila baada ya miaka 27 na watu wa nchi zingine wamekuwa wakiandika tangu 1821, Mjerumani mmoja anaitwa Johann Fritsch ndio aliona kwanza kwamba imepungua, ikaja tena 1847, 1874, 1901, 1928, 1955, 1982 na ya mwisho 2009.

Hebu iangalie hiyo miaka vizuri. 1955 hadi 1957 TANU ndio imetoka kuzaliwa, wazee wetu wanakwenda kumsikiliza Mwalimu Nyerere. 1982 hadi 1984 watu wako kwenye foleni za sukari na sabuni. 2009 hadi 2011 sisi wengine tayari tuna simu mikononi, tunapigana picha kila kona. Mara zote hizo nyota ilikuwa inafifia juu ya vichwa vyetu na mimi nimeuliza, nimetafuta, sijaona hata mstari mmoja ulioandikwa kwa Kiswahili na mtu wa mji huu kusema leo nimeiangalia na iko hivi. Kwakweli inaniuma.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha sekondari huku Mbagala. Naomba nieleze kidogo kwanini nyota hii imewasumbua watu miaka yote hiyo, maana bila hapo mtu ataona nalilia kitu kidogo.

Nyota nyingi ukiziona ni moja kwa macho ila kiukweli ni mbili, zinazungukana. Ikitokea mzunguko wao umekaa sawa na sisi tunakoangalia, basi moja ikipita mbele inamziba mwenzake na mwanga unapungua. Inayojulikana zaidi ni Algol, inapungua kila baada ya siku mbili na saa 21 hivi, inakaa chini saa kama 10 na imerudi. Aliyelieleza hilo mwaka 1783 ni John Goodricke wa Uingereza, kijana wa miaka 18, kiziwi, akasema huenda kuna kitu kinapita mbele ya nyota ile, na alifariki ana miaka 21 tu. Nawaambia wanafunzi wangu habari za huyu kijana kila mwaka na nitaendelea kuwaambia.

Sasa Epsilon Aurigae haifuati mwendo huo. Algol inazibwa kwa saa, hii inazibwa kwa miaka miwili. Kitu gani hicho kikubwa kiasi cha kuchukua miaka miwili kupita? Na kama ni nyota kubwa hivyo mbona yenyewe haitoi mwanga wake? Maana wataalamu walipochambua ule mwanga wakati nyota imezibwa walikuta ni ule ule wa nyota ya kwanza, umepungua tu, wa yule mzibaji haupo. Mwaka 1937 Kuiper, Struve na Strömgren, hao ni majina makubwa kwenye elimu ya nyota, wakaona labda mzibaji ni nyota jitu kuliko zote zinazojulikana, ya baridi na nyepesi mpaka mwanga unapenya ndani yake. Ikakaa hivyo miaka mingi. Mwaka 1965 Su-Shu Huang akaja na wazo lingine kabisa, akasema hapana, mzibaji ni sahani nene ya vumbi na gesi tunayoiona kwa ukingo. Chukua ungo wa kupepetea mchele, ushike mbele ya taa ukiwa umelala sambamba na macho yako, hutauona ule uduara wake, utaona mstari mrefu mwembamba unaokata taa katikati, juu kunabaki mwanga na chini kunabaki mwanga. Ukiusogeza taratibu unaona kwanini inachukua muda mrefu kupita na kwanini taa haizimiki yote. Mwaka 1971 Robert Wilson akaboresha, akasema sahani ni nyembamba, imeinama kidogo, na katikati ina tundu, kwasababu kuna waangalizi waliokuwa wanaripoti kwamba katikati ya kupatwa nyota inang'aa tena kidogo.

Miaka ya 1980 wakaipima kwa mionzi ya joto ndio ikajulikana kweli kuna kitu cha baridi pale, nyuzi kati ya 200 na 300 hivi za Selsiasi, ambayo kwa mambo ya nyota ni baridi sana, uso wa jua letu ni nyuzi 5,500. Na mwishoni mwa 2009, nyota ikiwa imeanza tena kuzibwa, wakapiga picha. Namaanisha picha kweli, sio mchoro wa kukisia. Pale Mount Wilson, California, kuna darubini sita zinaunganishwa zifanye kazi kwa pamoja, mtambo unaitwa CHARA, zilizo mbali zaidi zinaachana kama mita 330, na picha zake zilionyesha duara la nyota na kivuli cheusi kirefu kinaingia kinakula sehemu ya chini, mwezi uliofuata kimesogea. Zikatoka kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 2010. Aliyeongoza kazi ile, Brian Kloppenborg, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Ndani ya sahani ile imejificha nyota nyingine ya moto, ya rangi ya bluu, vumbi limeifunika hatuioni moja kwa moja. Na sahani yenyewe kutoka katikati hadi ukingoni inakadiriwa kufika karibu mara nne ya umbali wa dunia na jua. Huang aliisema kwa kufikiri tu, ikachukua miaka 45 watu kuiona kwa macho. Nikiifikiria hii bado nywele zinasimama.

Najua msomaji atasema sasa hao wana darubini sita California, wewe wa Mbagala unataka nini. Hapo ndipo penyewe Mhariri. Kupatwa kule kwa 2009 kulikuwa na mradi unaitwa Citizen Sky, ulioendeshwa na AAVSO, chama cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mwanga kilichoanzishwa Marekani mwaka 1911, na ule mradi uliwaomba watu wa kawaida duniani, wasio na kifaa chochote, watoke nje waangalie nyota wakadirie mwanga wake watume namba. Watu wa kawaida! Kwasababu darubini kubwa haziwezi kukaa na nyota moja kila usiku kwa miaka miwili, zina foleni ya kazi, na nyota hii ni ang'avu mno mpaka inazizidi uwezo kamera zao nyingi za kisasa. Macho ya mtu yanafaa kabisa. Na dunia inazunguka, kukiwa usiku kwetu Amerika ni mchana, kwahiyo wanahitajika waangalizi wa kila upande na upande huu wa Afrika Mashariki tumeacha pengo.

Kuitafuta ni rahisi. Mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, upepo wa kaskazi unavuma na anga iko safi, toka saa tatu usiku ugeukie kaskazini. Utaona nyota moja ang'avu sana yenye umanjano kidogo, haiko juu sana, chini kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo mpaka utosini. Hiyo ni Capella. Sasa nyoosha mkono, weka vidole viwili kushoto kwake kuelekea juu, utakuta vinyota vitatu vimekaa karibu karibu, pembetatu nyembamba. Kilicho karibu zaidi na Capella ndio Epsilon. Viwili vilivyobaki ni Eta na Zeta, na hapo ndipo Mungu ametusaidia, maana hivyo viwili ndio vipimo vyetu. Kwa namba za wataalamu, ambapo namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu, Eta ni 3.2, Zeta ni 3.7 hivi, na Epsilon kwa kawaida ni kama 3.0. Yani siku za kawaida Epsilon inaizidi Eta kidogo. Ikizibwa inashuka mpaka 3.8, inakuwa chini ya Eta, inalingana na Zeta au inazidiwa. Hesabu yote ni hiyo, huyu anamzidi huyu, huyu analingana na yule. Na tena hiyo Zeta nayo ni nyota mbili zinazozibana, kila baada ya siku 972, ila mabadiliko yake ni madogo. Pale karibu na Capella kuna mambo mengi.

Nilipeleka wanafunzi wa klabu yetu ufukweni kule Kigamboni, mbali kidogo na taa, kwasababu huku kwetu taa za maduka na za barabarani zimekula anga karibu yote. Kijana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, "Sasa Mwalimu, hicho kinachoziba kama nacho ni nyota mbona hakiwaki?" Lile lile swali lililowasumbua kina Kuiper! Mtoto wa Mbagala, amekaa juu ya mchanga, hana kitabu. Tukiwa pale akapita mzee mmoja mvuvi, tukamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia marahaba wajukuu zangu, mnatafuta nini kaskazini usiku huu? Tulivyomweleza akacheka, akatuonyesha Kilimia, lile kundi la vinyota vilivyosongamana, bila hata kutafuta, akatukumbusha maneno ya wazee, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Alafu nikamwonyesha vile vinyota vitatu nikamuomba aseme kipi kinang'aa zaidi. Akakaza macho akatulia, akasema hiki cha huku, cha pili kile, cha tatu kile pale kinamfuata kwa mbali. Mpangilio sahihi kabisa, Epsilon, Eta, Zeta. Mvuvi yule ana jicho la kufanya kazi hii kuliko mimi. Wanafunzi wakaandika kwenye daftari tarehe, saa, hali ya anga na alichokisema babu.

Kuna kitu nataka kieleweke hapa. Epsilon hata isipozibwa mwanga wake haujatulia, unapanda na kushuka kidogo kidogo, sehemu moja ya kumi hivi kwenye zile namba za wataalamu, nyota yenyewe inahema kwa mtindo wake. Sasa kama 2036 mtu ataanza kuangalia siku ile kupatwa kunaanza hatajua kipi ni mzibaji na kipi ni kuhema kwa nyota. Anatakiwa awe na kumbukumbu za miaka ya nyuma yake. Ndio maana nasema tuanze sasa, tusisubiri. Mtoto aliyeko darasa la sita leo atakuwa mtu mzima nyota ikianza kufifia, na akiwa na daftari la miaka yote hiyo atakuwa na kitu ambacho hakinunuliki popote.

Na faida ya kuandika haikai kwenye nyota moja tu. Kuna nyota nyingine jina lake ni namba tupu, TYC 2505-672-1, haionekani bila darubini, inazibwa na sahani ya vumbi kila baada ya miaka 69 na kila ikizibwa inakaa miaka mitatu na nusu. Miaka 69 ndugu yangu! Huo ni umri wa mtu. Wanasayansi walioitangaza mwaka 2016 waliona kupatwa kwa 2011 hadi 2015 kwa vifaa vya kisasa, ila wamejuaje kwamba iliwahi kutokea kabla? Wakaenda chuo kikuu cha Harvard ambako kuna hazina ya picha za anga zaidi ya laki tano zilizopigwa kwenye vioo tangu karne ya 19, wakakuta nyota ile ile ilififia miaka ya 1942 hadi 1945. Waliopiga zile picha hawakujua wanapiga nini. Walipiga, wakaandika tarehe, wakatunza, basi. Na sehemu ya hazina hiyo ilipigwa hapa Afrika, Bloemfontein Afrika Kusini, Harvard walihamishia kituo chao kule mwaka 1927.

Iko pia Gaia17bpp, hii satelaiti ya Gaia iliiona inaongezeka mwanga mwaka 2017, watu wakajiuliza inaongezeka kwanini, wakarudi kwenye data za zamani wakakuta kumbe ndio ilikuwa inarudi kwenye hali yake, ilikuwa imefifia zaidi ya miaka sita kwasababu mwenzake mwenye sahani ya vumbi alikuwa anapita mbele taratibu. Na EE Cephei, kila baada ya miaka mitano na nusu na zaidi kidogo inazibwa, na kila mara inapungua kwa kiasi chake, mara nyingine inapungua kidogo tu mara nyingine inapotea sana, kwasababu sahani inayoiziba haitulii, inayumba. Bila watu walioandika kupatwa kwa kwanza na kwa pili na kwa tatu nani angejua zinatofautiana?

Mtakumbuka mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya kwenye kundi la nyota la Orion, ilipungua mwanga mpaka mtu yeyote aliona. Kwenye magrupu ya WhatsApp watu wakasambaziana kwamba inapasuka wiki ijayo, wengine wakaleta mambo ya mwisho wa dunia, mama mmoja jirani yangu alinijia na wasiwasi wa kweli. Baadae ikaelezwa kwamba nyota ilitapika gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaziba. Vumbi tena. Lakini sisi tulipokea uvumi kabla ya maelezo kwasababu hapakuwa na sehemu ya Kiswahili ambayo mtu angeamka asubuhi asome kinachoendelea kwa lugha yake. Na sio kwamba Watanzania hatupendi haya mambo. Septemba 1, 2016 jua lilipopatwa likabaki pete, watu walisafiri mpaka Rujewa kule Mbarali, wanafunzi na wazee. Hamu ipo. Ila ile iliisha kwa dakika, wageni wakaondoka, na sisi tukarudi kusubiri tukio lingine.

Niliwahi kupeleka makala ya nyota hii kwa gazeti moja, sio lako, nikaambiwa wasomaji wanataka Simba na Yanga. Mimi mwenyewe ni mtu wa mpira, jumamosi hunitoi kwenye redio. Lakini msomaji wa Simba na Yanga huyo huyo ana mtoto anayemuuliza maswali usiku umeme ukikatika na nyota zikatokea, na mzazi hana cha kumjibu.

Kwahiyo Mhariri ombi langu. Tupe kona ndogo mara moja kwa wiki, hata iwe na ukubwa wa tangazo la kupotelewa na cheti, iseme wiki hii angalia upande huu saa fulani utaona hiki. Kuanzia Oktoba usiku mwingi mpaka Machi mwanzoni iwe na Epsilon, maana baada ya hapo masika yanaingia na kufika mwezi wa sita jua linakuwa upande ule ule huioni. Shule zitume makadirio yao na nyie mchape zile namba, tarehe, saa, mahali, nani kaizidi nani. Nasisitiza kuchapa kwasababu daftari la mwanafunzi linapotea akimaliza shule na simu inaibiwa, ila gazeti linawekwa maktaba, mtu wa 2063 nyota ikifika zamu yake nyingine atalifungua akute Mbagala, Temeke, Bagamoyo, Tanga, waliangalia na waliandika. Namba hizo hizo tutakuwa tunazituma na AAVSO, wanapokea kutoka kwa mtu yeyote bila malipo.

Klabu yetu iko tayari kuandaa kona hiyo bure, tutaileta kila Jumatatu ikiwa imeshasahihishwa. Ramani ya Capella na vile vinyota vitatu tumeshaichora kwa kalamu, kwa jinsi vinavyoonekana kutoka Dar na sio kutoka Ulaya ambako vinageuka juu chini, na nimeiambatanisha na barua hii. Tafadhali ichapeni kabla Januari haijafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia,
Mbagala, Dar es Salaam